Saa ya Mtoto ni Deni

Hotuba ya mwanachama wetu mwenye duka mjini Arusha, aliyoitoa mbele ya wanachama wa Visiwani waishio huko. Tunaichapa kwa ombi la waliohudhuria.

 

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama chini ya Mlima huu wa Meru, mbali na bahari yetu, nakuombeni mnivumilie kwa muda mfupi. Aliponitaka Mwenyekiti niseme neno, huenda wengi walitaraji nizungumze juu ya kodi, au leseni, au bei ya unga. Hayo twayazungumza kila jioni barazani. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo bado hatujalitia katika madai yetu, nalo ni saa za watoto katika televisheni, na namna saa hizo zinavyopotea kila inapofika khabari ya dharura.

Atakuwapo atakayesema: watu wana njaa ya haki, na huyu anatuletea mambo ya katuni! Namuomba ndugu huyo asubiri mpaka nimalize, khalafu apime mwenyewe kama ni mambo ya katuni au ni mambo ya haki.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya kitu gani. Visiwa vyetu vilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Mzanzibari, basi, amezoea chombo hiki kwa muda mrefu kuliko jirani yake. Hali kadhalika redio. Kuanzia mwaka 2006 watoto wetu wa Unguja na Pemba walifundishwa kwa vipindi vya redio vilivyoitwa Tucheze Tujifunze. Mtoto aliyekuwa hana skuli ya maandalizi karibu naye alikaa na wenziwe, redio mbele yao na mlezi kando yao, akapata elimu yake ya mwanzo. Huku Bara, mwezi wa Januari mwaka 2014, kikaanza katika TBC1 kipindi cha Ubongo Kids, kinachofundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo, kwa Kiswahili kinachofahamika Wete na Ngaramtoni sawasawa.

Watoto wa mwenye uwezo hawavitegemei sana vipindi hivi. Wana vitabu, wana kompyuta, wana mwalimu wa jioni anayekuja nyumbani. Lakini mtoto wa Unga Limited, ambaye mama yake huondoka alfajiri kwenda kuuza ndizi soko la Kilombero, au mtoto wa Oldonyo Sambu aliye nyuma ya mlima, hana hayo. Yeye ana seti moja ya jirani, au ya mkahawani, na ana nusu saa moja aliyoambiwa kuwa ni yake. Nusu saa hiyo ikichukuliwa, hana pahala pengine pa kuifuata. Kwa mtoto huyu kipindi ni darasa, na kukifuta kipindi ni kulifunga darasa.

Sasa natazama yaliyopita katika mji huu tulio nao, maana Arusha imeonja misiba mizito na imetufundisha mengi.

Tarehe 6 Mei mwaka 2017, siku ya Jumamosi, basi la skuli ya Lucky Vincent lilitumbukia bondeni huko Rhotia, wilaya ya Karatu. Walikufa watoto 32, walimu wao wawili na dereva. Watoto wale walikuwa wa darasa la saba, wakenda kufanya mtihani wa majaribio. Jumatatu yake, tarehe 8 Mei, majeneza yalipangwa katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na nchi nzima ikatazama. Ilikuwa haki nchi itazame. Lakini niulize: ni nani katika siku zile aliyezungumza na mtoto? Mtoto wa miaka saba aliyekuwa apande basi la skuli asubuhi ya pili yake aliona basi lililobondeka, akaliona tena, na tena. Mtu mzima anajua kuwa ni picha ile ile inarudiwa. Mtoto mdogo hajui. Kwake yeye kila picha ni basi jingine lililoanguka. Saa zake zilichukuliwa na khabari, na ndani ya khabari zile hapakuwa na neno moja lililotungwa kwa kadiri ya akili yake, ijapokuwa waliokufa walikuwa watoto kama yeye.

Tarehe 16 Machi mwaka 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania alitangazwa, naye alikuwa hapa hapa Arusha, ameshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro siku moja kabla. Kesho yake Serikali ikafunga skuli. Skuli za msingi za Bara hazikufunguliwa mpaka tarehe 29 Juni, yaani zaidi ya siku 100. Katika siku hizo masomo yakapelekwa redioni na katika televisheni, Bara na Visiwani, na Serikali zote mbili zikasema: mzazi, mkalishe mwanao mbele ya seti asome. Hapo, ndugu zangu, ilidhihirika jambo kubwa. Dharura ile ile iliyofunga milango ya skuli ndiyo iliyoifanya televisheni kuwa skuli. Na miezi ile ile ndiyo iliyokuwa na khabari nyingi za ghafla kuliko miezi mingi tuliyowahi kuishi. Khabari na darasa vikawa vinagombea kioo kimoja, na kila vilipogombana, mtoto hakuwa na wakili wa kumsemea.

Mwaka wa pili wake, usiku wa tarehe 17 Machi 2021, ulitangazwa msiba wa Rais Magufuli. Maombolezo yakawekwa siku 21. Maiti ilipitishwa Dar es Salaam, Dodoma, Zanzibar na Mwanza, ikazikwa Chato tarehe 26 Machi, na televisheni zikafuata hatua kwa hatua. Dukani kwangu nina seti ndogo juu ya rafu. Watoto wa mtaa ambao huja kusimama mlangoni siku za mwisho wa wiki walikuja, wakatazama gari la jeneza likipita, wakaniuliza: mzee, chetu saa ngapi? Sikuwa na jibu la kuwapa, kwa kuwa halikuandikwa popote.

Asije mtu akanifahamu vibaya. Sisemi kuwa khabari za dharura zisitangazwe. Sisi watu wa Visiwani ndio wa mwisho wa kusema hivyo. Tunakumbuka Septemba ya mwaka 2011, ilipozama Spice Islander katika mkondo wa Nungwi, na Julai ya mwaka 2012, ilipozama Skagit karibu na Chumbe. Tulikaa na redio masikioni tukitaka kujua kama jamaa zetu wamo au hawamo. Khabari wakati ule ilikuwa kama maji kwa mwenye kiu. Msiba ukitokea, watu waambiwe, na waambiwe upesi, na waambiwe kweli. Ninalolisema mimi ni kuwa kilichochukuliwa kwa mtoto ili mtu mzima aambiwe, kirudishwe kwa mtoto.

Na katika jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta kanuni. Kila aliyekaa chuoni anaijua. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kufungua katika mwezi wa Ramadhani. Hapana awalaumuye. Lakini siku zile hazikufutwa. Wanazilipa katika siku nyingine. Ruhusa imemwondolea dhambi, haikumwondolea deni. Na maulamaa wa fiqhi wametufundisha jambo la pili, kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Aliye katika nyika na njaa inamuua ameruhusiwa kula kilichoharamishwa kadiri ya kumponya, hakuruhusiwa kushiba na kufunga mzigo. Hizi ni kanuni mbili, nazo zinatosha: dharura ina kipimo, na kilichoachwa kwa dharura hulipwa.

Natazama wenzetu wamefanyaje. Huko Marekani, mwaka 1990, ilipitishwa sheria ya televisheni ya watoto. Mwaka 1996 Tume yao ya Mawasiliano ikaweka kipimo: kituo kitoe saa 3 kila wiki za vipindi vya kumfunza mtoto. Mwaka 2019 wakalegeza, wakaruhusu ihesabiwe kwa mwaka, saa 156. Kituo kikikiondoa kipindi cha watoto ili kioneshe mchezo wa mpira, kitakiwa kukirejesha saa nyingine, ama sivyo saa ile haihesabiwi. Lakini kikiondolewa kwa ajili ya khabari za ghafla, kituo kimesamehewa, wala hakidaiwi kurejesha kitu.

Katika kanuni hiyo mna jambo jema na mna upungufu. Jema ni hesabu. Wao wameandika saa tatu, na kilichoandikwa kinaweza kudaiwa. Upungufu ni ule msamaha. Wametoa ruhusa, wakafuta na deni. Labda wao wanaweza kuvumilia, kwa kuwa mtoto wao ana vituo vingi, na siku ya tarehe 11 Septemba mwaka 2001, vituo vikubwa vilipokuwa vyaonesha majengo yakianguka, vituo vya umma vya PBS viliendelea kuwapa watoto vipindi vyao. Mtoto wa Ngarenanyuki hana kituo cha pili cha kukimbilia. Kwa hivyo sisi tuchukue hesabu yao, lakini tusichukue msamaha wao.

Wala mtoto hana barua ya kuandika. Mwezi wa Aprili mwaka 2021 alipofariki Prince Philip, mume wa Malkia wa Uingereza, BBC ilifuta vipindi vyake vya kawaida ili iseme msiba huo. Watu wazima wa huko walipeleka malalamiko zaidi ya 109,000 kwa kunyimwa vipindi walivyovizoea. Hao ni watu wazima, wana kura, wana simu, wana sauti. Mtoto akinyimwa chake hugeuka akatoka nje kucheza, na sisi tukasema: kumbe hakujali.

Lipo na jambo jingine zaidi ya kurejesha saa, nalo ni kumpa mtoto khabari yake mwenyewe. Waingereza hao hao, tangu mwezi wa Aprili mwaka 1972, wana kipindi cha khabari za watoto kiitwacho Newsround. Tarehe 28 Januari mwaka 1986, chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Challenger kilipopasuka na kuua watu saba, mmoja wao mwalimu wa skuli, kipindi hicho cha watoto ndicho kilichokuwa cha kwanza katika televisheni ya Uingereza kutoa khabari ile. Na huko Marekani, mwezi wa Juni mwaka 1968, alipouawa Robert Kennedy, bwana mmoja mwenye kipindi cha watoto, Fred Rogers, alitengeneza kipindi maalumu cha kuzungumza juu ya mauaji yale, ili wazee wajue namna ya kukaa na watoto wao waliojawa na khofu. Hawa hawakumfukuza mtoto kutoka kiooni siku ya msiba, wala hawakumtupia picha za maiti. Walikaa naye wakamwambia kwa kadiri yake: limetokea hili, wapo watu wanaosaidia, na wewe uko salama nyumbani.

Je, siku ile ya Rhotia ingekuwaje kama nusu saa moja tu ingetengwa, mwalimu mwenye hekima akazungumza na watoto wa Arusha juu ya wenzao waliokufa? Walimu wa namna hiyo tunao, na watengenezaji wa vipindi tunao, na lugha tunayo. Kilichokosekana ni amri ya kuitenga nusu saa hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, sasa naingia katika siasa, maana chama ni chama. Ni nani anayesema kuwa hili ni dharura na lile si dharura? Hapo ndipo penye hila. Meli kuzama ni dharura. Maradhi ya kuambukiza ni dharura. Msiba wa mkuu wa nchi, nao una haki yake. Lakini kuweka jiwe la msingi si dharura. Kukata utepe si dharura. Ziara ya mkubwa kukagua barabara, akipokewa kwa ngoma, si dharura hata kama inaoneshwa moja kwa moja kutoka saa tatu ya asubuhi mpaka adhuhuri. Panapokosekana maana ya neno katika sheria, mwenye nguvu hulipa neno maana aitakayo, na saa ya mtoto, kwa kuwa haina matangazo ya biashara ya kuitetea wala waziri wa kuikasirikia, ndiyo huwa ya kwanza kukatwa.

Na iko dharura ya namna nyingine, ambayo dola haitangazi kitu bali inazima. Tarehe 30 Januari mwaka 2018, huko Kenya, Serikali ilivizima vituo vya Citizen, NTV na KTN kwa sababu ya kiapo cha Raila Odinga, vikakaa gizani siku kadhaa hata baada ya Mahakama Kuu kuamuru virudishwe. Na kwetu, siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba mwaka 2025, intaneti ilizimwa nchini kote, ikakaa siku kadhaa vile vile. Tulilalamika, na tulikuwa na haki kulalamika, kuwa tumezibwa macho katika mambo ya kura zetu. Lakini pamoja na khabari zetu yalizimwa na masomo ya watoto yaliyomo humo. Anayezima kituo kwa kumwogopa mpinzani anamzimia na mtoto wa darasa la pili, ambaye hampingi mtu.

Yapasa basi tuwe na madai, na madai yawe yanaandikika. Mimi naona manne.

La kwanza, kipimo. Kanuni zetu za utangazaji zinazungumza juu ya kumkinga mtoto na yasiyomfaa. Kukinga ni wajibu, lakini mtoto anahitaji kulishwa pia. Iandikwe hesabu ya saa za kumfunza mtoto kila wiki, kwa Kiswahili, katika saa ambazo mtoto yuko macho na yuko nyumbani.

La pili, malipo. Saa ikichukuliwa kwa dharura, irejeshwe ndani ya siku saba, katika wakati unaofanana na ule uliochukuliwa, na itangazwe mapema siku ya kurejeshwa ili mzazi ajue. Dharura ikiwa ya muda mrefu, kama maombolezo ya siku 21 au maradhi ya miezi mitatu, pasipite siku nzima bila ya nusu saa ya watoto.

La tatu, maana ya dharura. Iandikwe kuwa ni jambo la ghafla linalogusa roho za watu, au usalama wao, au msiba wa taifa. Sherehe na ziara zisiingizwe.

La nne, khabari ya mtoto. Kila panapotokea msiba mkubwa, kituo cha umma kitoe kipindi kifupi cha kuwaelezea watoto, bila ya picha za kutisha.

Haya hayatutoi katika sheria, bali yanatuingiza ndani yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na kifungu cha 17 cha mkataba huo kinazitaka dola zivihimize vyombo vya khabari vitoe yenye manufaa kwa mtoto. Zanzibar ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2011. Zanzibar ina Tume yake ya Utangazaji, kwa sheria ya mwaka 1997, na hili si jambo la kungojea ruhusa ya Dodoma. Wawakilishi wetu wanaweza kuliuliza ndani ya Baraza la Wawakilishi: katika mwaka uliopita, kituo cha umma kilipanga saa ngapi za watoto, kilitoa ngapi, na zilizokosekana zilirudishwa lini? Swali hilo halimtukani mtu, lakini ni gumu kulikwepa.

Wenyeji wetu wa mlima huu wametuonesha njia ya kudai. Walipoondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, Wameru hawakukaa wakalia tu. Waliandika, wakachanga, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa huko New York kuyasema madai yao. Hawakurudishiwa ardhi siku ile. Lakini dunia ilijua kilichochukuliwa ni nini, na kwa nani, na lini. Anayedai kwa hesabu husikilizwa siku moja, ijapokuwa leo amekataliwa.

Kwa hivyo naliomba tawi hili, na matawi ya Unguja na Pemba yatakayosoma maneno haya, lifanye jambo moja jepesi. Kila tawi linunue daftari moja. Achaguliwe kijana mmoja mwenye khati nzuri, na kwa muda wa miezi mitatu aandike kila siku: kipindi gani cha watoto kilitangazwa kuwa kitatoka, kilitoka au hakikutoka, kama hakikutoka, kilitoka nini badala yake, na kama kilirejeshwa, kilirejeshwa siku gani. Asitie matusi wala maoni, aandike tarehe na saa tu. Miezi mitatu ikitimia, madaftari yote yapelekwe makao makuu ya chama, yajumlishwe, na wakabidhiwe wawakilishi wetu.

Mimi ni mtu wa duka, na sijapata kumdai mtu kwa maneno matupu akanilipa. Hulipa akioneshwa daftari. Tuliandike daftari la watoto wetu, kisha twende tukadai.